Mkono wa Hadhira: Uhakiki wa Sanaa Shirikishi Zinazohusu Udhibiti wa Intaneti

Utangulizi

Msanii anayetaka kuzungumzia jambo lililofichwa hukabiliwa na tatizo ambalo si jepesi kulitatua. Akitaka kuonyesha utumwa, atachonga mnyororo. Akitaka kuonyesha njaa, atachora chungu kitupu. Lakini habari iliyoondolewa katika intaneti haiachi pengo wala kovu. Msomaji hufungua ukurasa, akakuta mambo mengine yameujaza, naye akadhani kwamba hayo ndiyo yote yaliyopo. Udhibiti wa namna hii hufanikiwa zaidi pale ambapo anayedhibitiwa hajui kuwa amedhibitiwa.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 wasanii wa nchi mbalimbali wamejaribu kulitatua tatizo hili kwa kazi ambazo haziishii katika kutazamwa. Ili kazi hizo zikamilike, mtazamaji hana budi kuandika, kuuliza, kuchagua au kutembea ndani yake. Hizo ndizo tunazoziita hapa sanaa shirikishi.

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki kazi tatu za aina hiyo. Ya kwanza ni The File Room, yaani Chumba cha Majalada, ya Antoni Muntadas, iliyofunguliwa mwaka 1994. Ya pili ni Firewall, yaani Ukuta wa Moto, ya Joyce Yu-Jean Lee, ya mwaka 2016. Ya tatu ni The Uncensored Library, yaani Maktaba Isiyodhibitiwa, iliyotolewa mwaka 2020 na shirika la Reporters Without Borders. Hoja yetu ni kwamba thamani ya kazi hizi haitokani na wingi wa mambo zinayoyafichua, bali inatokana na kazi inayopewa mkono wa hadhira. Mkono ukipewa kazi ya kweli, mtazamaji hutambua kuwa udhibiti ni jambo linalomhusu yeye. Mkono ukipewa kazi ya kufungua mlango tu, mtazamaji huondoka akiamini kwamba udhibiti ni maradhi ya watu wengine.

Ushirikishi si jambo geni

Kabla ya kuzichambua kazi zenyewe, yafaa tuondoe dhana moja potofu. Wako wanaodhani kwamba sanaa shirikishi ilizaliwa pamoja na kompyuta. Katika jamii zetu, fanani hakupata kusimulia ngano mbele ya watu walionyamaza. Asemapo "Paukwa", hana ruhusa ya kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa". Katika kitendawili hadhira hupewa jukumu kubwa zaidi: ni lazima ifumbue, na ikishindwa hutozwa mji. Maana ya kitendawili haikamiliki mdomoni mwa mtegaji. Hukamilika katikati ya pande mbili.

Hali kadhalika, sanaa za maonyesho za wakati wetu zimekuwa na mkondo huo. Katika miaka ya 1982 na 1983 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, ambapo wanakijiji wenyewe walichambua matatizo yao na kuyaigiza. Huko Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ waliushiriki mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waliurekebisha, wakauigiza, wakajenga na jukwaa lake. Mwezi wa Novemba mwaka huo kibali cha maonyesho kiliondolewa, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini.

Mfano huu una funzo kwa mada yetu. Mwaka ule ule wa 1977 Ngũgĩ alikuwa ametoa riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, ambayo nayo ilishutumu vikali uongozi na unyonyaji. Riwaya hiyo haikupigwa marufuku. Kilichozuiwa ni mchezo uliochezwa na watu wenyewe kwa lugha yao. Ni dhahiri, basi, kwamba mdhibiti haogopi maneno tu. Anaogopa zaidi mikono iliyoyashika maneno hayo. Kwa hiyo tunapohakiki sanaa shirikishi inayohusu udhibiti hatuna budi kuuliza: je, mkono wa hadhira umepewa nini cha kufanya?

Chumba cha Majalada

Muntadas alizaliwa Barcelona mwaka 1942, akakulia katika Hispania ya utawala wa Franco. Hata hivyo tukio lililozaa kazi yake halikutokea chini ya dikteta huyo, aliyefariki mwaka 1975. Televisheni ya taifa ya Hispania ilikuwa imemwagiza atengeneze filamu kuhusu historia ya televisheni hiyo hiyo. Akaitengeneza, akaikamilisha mwaka 1989, lakini haikurushwa hewani. Nchi ilikwisha kuwa ya kidemokrasia, na hakuna askari aliyebisha hodi kwa msanii. Kazi ilikaa kimya tu, kama barua isiyojibiwa.

Kutokana na kimya hicho Muntadas alibuni Chumba cha Majalada. Kazi ilifunguliwa Mei 1994 katika Chicago Cultural Center, jengo ambalo kwa asili lilikuwa maktaba kuu ya umma ya mji wa Chicago, na ilisimamiwa na jumba la sanaa la Randolph Street Gallery. Mgeni aliingia katika chumba chenye mwanga hafifu, kilichozungukwa na makabati meusi ya chuma ya kuhifadhia majalada, kama ofisi ya serikali ambayo karani wake amekwenda nyumbani. Baina ya makabati ziliwekwa kompyuta zilizoonyesha habari za vitabu, picha, nyimbo, filamu na michezo iliyozuiwa tangu zama za kale. Mgeni aliweza kutafuta kwa mahali, kwa wakati, kwa aina ya sanaa au kwa sababu ya kuzuiwa. Katikati palikuwa na meza na kompyuta nyingine, ambapo mgeni mwenyewe aliweza kuandika kisa anachokijua. Orodha hiyo ilipatikana pia kwa njia ya intaneti, iliyokuwa bado changa kabisa, hata mtu aliye mbali na Chicago akaweza kuisoma na kuiongeza.

Kwa upande wa fani, msanii amefaulu kwa kutumia kinyume. Kabati la majalada ni chombo cha mtawala, mahali ambapo habari huingia na hazitoki. Muntadas amekichukua chombo hicho hicho akakigeuza: majalada yako wazi, na anayeyajaza ni raia. Hakuna haja ya kuhubiri. Samani zenyewe zinasema.

Kwa upande wa maudhui, kazi hii ina ujasiri ambao kazi nyingi za baadaye zimeukosa. Haikuchagua nchi moja ikaiweka kizimbani. Marekani, ambako ilionyeshwa, imo; Hispania ya mfalme imo; na zama za kale za Ugiriki zimo. Mgeni hawezi kujipangusa mikono, kwa sababu anapofika mezani huulizwa: na wewe je, umeona nini? Swali hilo ndilo kiini cha kazi. Mtu hulazimika kukumbuka shule yake, gazeti lake, kanisa au msikiti wake, na mara nyingi hugundua kwamba lipo jambo alilolizoea bila kulipa jina la udhibiti.

Kazi haikosi udhaifu. Maadamu kila mtu anaweza kuandika, kisa cha mwandishi aliyefungwa kinakaa kando ya kisa cha mchoraji ambaye picha yake ilikataliwa na jumba la maonyesho kwa kuwa haikupendeza, na si rahisi kwa msomaji kupima uzito. Aidha, kazi ya namna hii haina uhai bila mtunzaji. Randolph Street Gallery ilifungwa mwaka 1998, na tangu mwaka 2001 majalada hayo yalichukuliwa na shirika la Marekani linalopinga udhibiti, National Coalition Against Censorship. Lakini udhaifu huo wa pili ni sehemu ya mafunzo yake: kumbukumbu haidumu kwa kuwa imeandikwa, hudumu kwa kuwa yupo anayeilinda.

Ukuta wa Moto

Kazi ya pili ilifunguliwa Februari 2016 katika mtaa wa Wachina mjini New York. Lee alikigeuza chumba kidogo kuwa mkahawa wa intaneti. Mgeni alikaa mbele ya kompyuta, akaandika neno lolote alitakalo. Programu iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Dan Phiffer ililifasiri neno hilo kwa Kichina, kisha ikalitafuta mahali pawili kwa wakati mmoja: katika Google, inayotumiwa Marekani, na katika Baidu, mtambo wa kutafutia unaotumiwa zaidi nchini China. Picha zilizopatikana zilipangwa sambamba, upande huu na upande huu.

Mbinu yake kuu ni mlinganisho, na kwa mbinu hiyo Lee amelitatua tatizo tulilolitaja mwanzoni. Pengo lisiloonekana katika ukurasa mmoja huonekana kurasa mbili zinapowekwa bega kwa bega. Mfano unaofahamika sana ni Uwanja wa Tiananmen. Upande mmoja huja picha ya mtu aliyesimama peke yake mbele ya vifaru mnamo Juni 1989. Upande wa pili huja uwanja safi, bendera na watalii. Hakuna upande uliosema uongo katika picha yoyote moja. Uongo uko katika jumla.

Mkono wa hadhira hapa umepewa kazi nzuri: umepewa kuuliza. Kila mgeni huchagua neno lake, na neno hilo humfichua yeye kabla halijaifichua China. Tena mgeni huombwa kuhukumu kama tofauti anayoiona imetokana na udhibiti, au imetokana na ufasiri mbaya, au na tofauti ya kawaida ya mazoea baina ya watu wawili. Swali hili ni la busara. Mtu yeyote aliyewahi kufasiri anajua kwamba neno likivuka mpaka wa lugha huacha mizigo yake nyuma. Kwa hiyo si kila pengo ni kazi ya mdhibiti.

Hata hivyo kazi ina kasoro ya msingi. Kioo kimoja kimechukuliwa kuwa kipimo cha kingine. Mgeni wa New York, akiona tofauti, huelekea kuamini kwamba upande wa Google ndio ulimwengu ulivyo, na upande wa Baidu ndio ulimwengu uliokatwa. Lakini Google nayo ni kampuni ya biashara yenye kanuni zake za kupanga kitakachotangulia na kitakachozikwa ukurasa wa kumi. Isitoshe, kuanzia mwaka 2006 hadi 2010 kampuni hiyo hiyo iliendesha nchini China mtambo uliochuja majibu kwa matakwa ya serikali ya huko. Kama kingewekwa kioo cha tatu, somo lingekuwa kali zaidi.

Jambo moja lilitokea nje ya mpango wa msanii, nalo linaeleza mengi. Pamoja na maonyesho hayo palipangwa baraza la majadiliano kuhusu harakati za wanawake wa China katika mitandao. Kwa maelezo ya msanii mwenyewe, vitisho kutoka kwa mamlaka za China viliwafikia watu waliohusika na baraza hilo. Mkahawa wa mfano, uliojengwa New York, uliguswa na mkono wa ukuta halisi. Hapo mkahawa ulitoka katika mfano na kuingia katika jambo lenyewe.

Maktaba Isiyodhibitiwa

Kazi ya tatu ilizinduliwa tarehe 12 Machi 2020, siku ambayo Reporters Without Borders huiadhimisha kwa kupinga udhibiti wa mitandao. Haikujengwa kwa mawe wala kwa mbao. Ilijengwa na kikundi cha BlockWorks ndani ya Minecraft, mchezo wa kompyuta ambao wachezaji wake hujenga kwa vipande vya mraba. Wajenzi 24 kutoka nchi 16 walitumia vipande zaidi ya milioni 12 kujenga kasri lenye kuba kubwa na nguzo za mtindo wa Kigiriki na Kirumi. Ndani yake mlikuwa na vyumba vya Misri, Mexico, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam. Katika kila chumba viliwekwa vitabu vyenye makala za waandishi ambao kazi zao zilizuiwa au ambao walifungwa, walihamishwa au waliuawa. Katika chumba cha Saudi Arabia zimo kazi za Jamal Khashoggi, aliyeuawa katika ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Istanbul mwezi wa Oktoba 2018.

Wazo lenyewe ni la werevu mkubwa, na msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwani ni wazo la fumbo. Gazeti limezuiwa lakini mchezo haukuzuiwa. Basi gazeti na livae nguo za mchezo. Washairi wetu walifanya hivyo walipoweka shutuma ndani ya sifa za ua au mnyama, na wanawake wa pwani wanafanya hivyo hadi leo kwa jina la kanga. Zaidi ya hayo, kasri zima linaweza kunakiliwa na kuhifadhiwa katika kompyuta ya mchezaji, hata ikawa vigumu kulibomoa.

Lakini tukirudi kwenye kipimo chetu, mkono wa hadhira umepewa nini? Katika mchezo ambao raha yake yote ni kujenga na kubomoa, mgeni wa maktaba hii hajengi. Anatembea, anatazama juu, anafungua kitabu, anasoma, anakirudisha. Tendo kubwa analoweza kulifanya, yaani kunakili, liko nje ya lango. Nguzo nazo zina maneno yake. Kwa nini hekima ya mwandishi wa Misri au wa Vietnam ihifadhiwe chini ya kuba la Kirumi? Ni kweli kwamba umo ukumbi unaoonyesha hali ya vyombo vya habari katika nchi 180, na kwa hiyo haikusahau nchi tajiri. Hata hivyo vyumba ni vya nchi chache zilizochaguliwa na wengine, na kijana wa Berlin au Paris anaweza kuvimaliza vyote bila kuulizwa swali hata moja kuhusu kwao.

Ulinganisho

Kazi zote tatu zimeazima nyumba ya umma: ofisi ya majalada, mkahawa, maktaba. Wasanii wametambua kwamba udhibiti si dhana ya hewani. Hukaa katika nyumba, meza na mashine za kila siku. Tukizipanga kwa kipimo cha mkono wa hadhira, ile ya zamani kuliko zote, iliyotengenezwa kwa vyombo duni kuliko zote, ndiyo inayoongoza, kwa sababu ndani yake mtazamaji huwa shahidi. Katika Ukuta wa Moto mtazamaji ni mwulizaji na mwamuzi. Katika Maktaba mtazamaji ni mgeni. Kukua kwa mitambo hakukuleta kukua kwa ushirikishi, na jambo hilo wasanii wetu vijana hawana budi kuliweka akilini.

Sanaa hii na hali yetu

Mhakiki hawezi kuishia Chicago na New York. Katika eneo letu udhibiti wa intaneti una historia yake. Huko Kongo intaneti ilikatwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, ikakaa hivyo kwa wiki kadhaa. Huko Burundi mitandao ya kijamii ilifungwa siku ya uchaguzi wa Mei 2020. Huko Uganda intaneti ilizimwa kwa siku tano wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wanaochapisha maudhui mtandaoni kuomba leseni na kuilipia. Mtandao wa Twitter ukazuiwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020. Na intaneti ikakatwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, kwa muda wa siku kadhaa.

Mifano hii inaonyesha kwamba udhibiti tuliouona sisi si wa chujio pekee. Mara nyingi umekuwa wa giza. Chujio humdanganya mtu kwamba hakuna kilichokosekana. Giza hujulikana na kila mtu, tangu mwandishi wa habari hadi mama anayepokea oda za vitenge kwa simu. Kwa sababu hiyo mbinu ya Lee ya kulinganisha kurasa mbili haitatufaa sana, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na ukurasa hata mmoja. Swali la msanii wetu ni jingine: watu walifanya nini gizani? Nani alibeba habari kutoka mtaa hadi mtaa? Uvumi gani ulijaza mahali pa habari, nao ulimdhuru nani? Majibu ya maswali hayo yako vinywani mwa watu, na yasipokusanywa yatapotea kama zilivyopotea ngano nyingi.

Wapo watakaosema kwamba taifa lina wajibu wa kulinda amani na maadili, na kwamba sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 ilitungwa kwa nia hiyo. Hoja hiyo isipuuzwe. Hakuna jamii isiyo na miiko. Lakini miiko ya jamii hutajwa hadharani, na kila mtoto hufundishwa mwiko na sababu yake. Kinachozuiwa bila kuandikwa popote, bila sababu kutolewa, wala siku ya kuanza na ya kwisha kutajwa, hakiwezi kupimwa kama kilizuiwa kwa haki. Hata anayeamini kwamba udhibiti fulani ni wa lazima angepaswa kuwa wa kwanza kutaka jalada lake lifunguliwe.

Hitimisho

Tumeona kwamba sanaa shirikishi inaweza kukionyesha kisichoonekana, lakini nguvu yake haimo katika mashine. Imo katika kumfanya mtazamaji ashike sehemu ya mzigo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, vyuo vikuu vyetu na makumbusho yetu vina kila kitu kinachohitajika kuanzisha kazi ya namna hii: baraza, msimulizi, daftari, na watu waliokuwapo. Haitahitaji kuba wala nguzo. Itahitaji meza iliyowekwa mahali pa wazi, mtunzaji mwaminifu asiyeondoka fedha za mradi zinapokwisha, na ruhusa ya kila mwananchi kukaa akaandika jambo alilotaka kulisema siku ile, nani alitaka kumwambia, na lini hatimaye lilifika. Kazi hiyo ikifanywa na ikaachwa isimame, utamaduni wetu utakuwa umetimiza sharti lake la kale, kwamba anayetega ni lazima ajibiwe.